Sanduku la Mnadani Halisafiri

Mwanangu Ndeshi,

Umeshuka mjini kumuaga shangazi yako pale Engutoto, na umeniahidi utarudi kabla ng'ombe hajakamuliwa. Ninakujua, na yeye ninamjua zaidi. Shangazi yako hajawahi kumruhusu mgeni aondoke baada ya kikombe kimoja tu cha chai, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimekaa chumbani kwako, nimesogeza nguo pembeni, na ninaandikia juu ya kile kitabu chako kinene cha Jiografia ambacho nacho umekataa kukibeba.

Kesho alfajiri unapanda basi la Kigoma. Mambo ya kula vizuri, kusali, kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani na kupiga simu ukifika, nimeshayasema mpaka baba yako akaanza kuyamalizia kabla yangu. Sitayarudia hapa. Ninaandika kwa sababu ya mizigo. Tangu juzi mimi na wewe tunaongea kwa adabu kupita kiasi, "Asante mama", "Karibu mwanangu", na nyumba hii haijazoea adabu ya namna hiyo. Sitaki uondoke hivyo.

Ngoja nianze na lile sanduku, maana ndilo lililoleta yote.

Jumapili ile jina lako lilikuwa limeshatoka kwenye orodha ya walimu wapya. Mimi kanisani sikusikia hata nusu ya mahubiri. Nilikuwa nimekaa nikihesabu ni akina nani wameshapata habari na ni akina nani bado, ili tukitoka niwapitie. Tulipotoka nje mnada ulikuwa umeanza kama kawaida. Mzee wa kanisa alishamaliza mikungu ya ndizi na trei za mayai, akauza yule jogoo wa Mama Eliya ambaye hununuliwa kila mwaka na Mama Eliya mwenyewe, ndipo akainua kitu ambacho hakijawahi kuonekana kwenye sadaka za usharika wetu. Sanduku kubwa jekundu, la matairi, lenye kufuli la namba. Mwenzetu mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Kisongo alilitoa sadaka. Lilisahauliwa na mgeni, akalitunza muda mrefu, mwenyewe hakurudi.

Mwanangu, nililiona nikakuona wewe. Nilikuona ukishuka kwenye basi Kigoma, ukiburuta sanduku jekundu, na mwalimu mkuu akisema moyoni, huyu ametoka kwa watu. Nikataja bei. Mama Eliya naye akataja. Nikapandisha. Akapandisha. Baba yako akanivuta upindo wa kitenge, taratibu, kwa namna ile yake ya kunionya bila watu kujua, na mimi nikamsogelea mzee wa kanisa ili upindo usifikike. Akina mama wakaanza vigelegele. Ukiwa katikati ya vigelegele huoni tena kitu unachokinunua, unamwona tu yule anayeshindana na wewe. "Mara ya kwanza, mara ya pili," akasema mzee, na Mama Eliya akatikisa kichwa akacheka. Baadaye aliniambia hakulitaka kabisa. Alikuwa anachangamsha sadaka.

Unakumbuka safari ya kupanda nalo nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na hii njia yetu unaijua. Wale waliotengeneza matairi yale walikuwa na sakafu za vigae kichwani, hawakuwahi kufikiria tope la Meru. Tairi moja lilibaki pale kwenye kona ya mfereji, na mpaka leo liko hapo chini mahali fulani. La pili likapasuka tulipofika kwenye kahawa ya jirani. Baba yako alilinyanyua akaliweka kichwani, likapanda mlima hivyo, matairi yaliyobaki yakitazama mbinguni, na wewe nyuma yake ulikuwa unacheka mpaka ukakaa chini kwenye majani.

Halafu kufuli. Mimi niliyelipigania mbele ya usharika mzima sikuwa nimeuliza kama linafunguka. Wewe ukasema tulivunje. Baba yako akasema hapana, kitu kilichofungwa kwa namba hufunguliwa kwa namba. Kila jioni, akisubiri maziwa yachemke, alikaa na lile sanduku magotini, akaanza sifuri na kupanda. Wageni waliokuja kukupongeza walimkuta hivyo, wakamsalimu, akaitikia bila kuinua macho. Siku lilipofunguka alisema tu, "Limekubali," tukakimbia wote kutoka jikoni. Ndani kulikuwa na soksi moja na kipande cha sabuni ya hotelini. Ile sabuni tuliiogea kwa zamu, na nakiri ilikuwa nzuri.

Sasa nije juzi.

Jumamosi watu walikuja kwenye sala ya kukuaga, na unajua watu wetu hawaji kumuaga mtoto mikono mitupu. Shangazi yako alileta blanketi, lile zito la kulala huku juu mwezi wa saba. Mama Eliya akaleta chupa ya chai. Mjomba akaleta sufuria tatu zinazoingiana. Wengine wakaleta kahawa iliyokaangwa, unga, vitenge, ndoo yenye mfuniko, na bibi yako wa bondeni akaleta mkungu wa ndizi mbichi na kusisitiza kwamba Kigoma hakuna ndizi. Kigoma, Ndeshi. Niliupokea kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani. Nililifungua sanduku jekundu nikaanza kupanga. Matairi mawili hayapo, nikasema si kitu, litaingia kwenye buti la basi. Lilipojaa nikaleta shangazi kaja, ule mfuko wa miraba wa kusafiria ambao hakuna nyumba Arusha isiyokuwa nao, na huo nao nikaujaza. Nikakaa juu ya sanduku ili lifunge. Ulipoingia ukanikuta nimelikalia, ukasimama mlangoni na begi lako la mgongoni mkononi.

"Mama, mimi naenda na hili."

Nilidhani unatania. Nikakuambia hilo ni begi la daftari. Ukasema lina nguo, vyeti, viatu, kanga na Biblia, na bado kuna nafasi. Nikauliza blanketi. Ukasema Kigoma kuna joto. Nikauliza sufuria. Ukasema sufuria zinauzwa popote. Kisha ukaanza kutoa kitu kimoja kimoja kutoka sandukuni na kuviweka kitandani, taratibu, vikiwa vimekunjwa, na kila ulichotoa mimi nilikiona kama kinatupwa.

Ndipo nikasema lile neno. "Unatuonea aibu." Nikaongeza na mengine, kwamba umeshakuwa mwalimu, kwamba vitu vya wakulima wa ndizi vinakuchafulia begi. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Mama, nikichukua vyote, nitarudi kufuata nini?" Mimi nikaona ni maneno ya msomi ya kunifunga mdomo. Nikatoka nikaenda kumkatia ng'ombe majani, na siku hiyo alikula hata yasiyo ya zamu yake.

Leo ulipoondoka niliingia humu kurudisha vitu kabatini. Nikashika sweta lako la bluu, lenye kiwiko nilichokishona kwa uzi wa kijani kwa sababu wa bluu ulikwisha. Nikajiuliza, huyu mtoto kweli atakaa mwaka mzima bila sweta hili? Analivaa hata akienda kuchota maji. Na nikiwa nimelishika ndipo yale maneno yako yakanirudia, na safari hii nikayasikia. Nikakaa kitandani. Nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena, maana mtu wa kwanza ambaye angepaswa kuyaelewa ni mimi. Mimi mzigo uliwahi kunizuia kurudi nyumbani.

Kisa cha tranka umeshakisikia nusu. Ile nusu ya kuchekesha ndiyo huwa naisimulia.

Nilikuwa sijafika miaka ishirini nilipopata nafasi ya chuo cha ushonaji kule Singida. Kwetu hakukuwa na kitu cha kusafiria, babu yako akaenda kuazima tranka la bati la mwinjilisti. Watu wakaja kuniaga kama walivyokuja kwako, na mama yangu akapakia kama nilivyokupakia mimi, naona ni ugonjwa wa ukoo. Unga, kahawa, ndizi, na maparachichi mabichi kutoka ule mti wa nyuma ya zizi. Ili yasipondeke kwenye bati aliyafunga moja moja ndani ya gauni langu la Jumapili, jeupe, nililolishona mwenyewe na ambalo lilinipatia nafasi ya chuo.

Njiani jua, na Singida jua zaidi. Nilipofika nikaliona lile bweni, wasichana wamepanga vibegi vyao vizuri chini ya vitanda, na mimi nikiletewa tranka na wanaume wawili wanaohema. Sikulifungua mbele yao. Nililisukuma uvunguni nikajifanya sina haja nalo. Nikavaa nguo niliyosafiri nayo siku baada ya siku, huku harufu ikianza kutoka. Msichana wa kitanda cha jirani, Mwajuma, mwenyeji wa pale pale Singida, alivumilia alivyoweza. Mwishowe akainama akagonga bati kwa kidole.

"Dada wa Arusha, samahani. Humu ndani umemficha nani?"

Bweni zima likacheka, nami nikaona bora nife. Tukalifungua. Gauni jeupe lilikuwa kijani tangu kola hadi pindo. Lakini yale maparachichi ambayo hayakupondeka yalikuwa yameiva sawasawa, na wengi mle hawakuwa wameyazoea. Mwajuma akaleta chumvi na ndimu. Tukala tumekaa sakafuni, tumezunguka tranka, tukipangusa vidole kwenye lile gauni kwa kuwa lilikuwa limeshaharibika. Wakaniita Mama Parachichi mpaka nilipomaliza chuo. Na mwanamke yule anayenipigia kila Krismasi na kunicheka dakika nzima kabla ya kunisalimia, ndiye huyo Mwajuma. Kwa hiyo mama aliharibu gauni, akanipatia rafiki.

Hapo ndipo huwa naishia. Iliyobaki ni hii.

Likizo ya kwanza ilipofika, wenzangu walishika vibegi vyao wakaondoka. Mimi nilibaki, na sababu ilikuwa tranka. Lilikuwa la kuazima, mwinjilisti alisema lirudi likizo, na sikuwa na uwezo wa kulinyanyua hata likiwa tupu nusu. Ningelazimika kuwaomba wanaume chuoni, kuwaomba stendi, kuwaomba kwenye kubadilisha magari, na wote wale wanataka kupewa chochote. Niliona aibu kurudi bila kitu cha watu, na nilishindwa kurudi nacho. Basi nikakaa. Siku zile simu haikuwepo ya kusema siji.

Huku nyumbani mama alikuwa amepika loshoro yetu ya mahindi, anajua ninavyoipenda ikiwa na maziwa mgando yaliyokaa vizuri kwenye kibuyu. Alishuka nayo mpaka barabara kubwa akasubiri magari. Babu yako aliniambia baadaye kwamba alishuka tena kesho yake, na kesho kutwa, na kila gari lililopita bila kusimama alisema la nyuma yake ndilo lenyewe. Wala hakununa. Alirudi akiwa amewapa wapita njia ile loshoro isiharibike.

Likizo iliyofuata nilikuja na kimfuko tu cha nguo mbili. Nilijitayarisha njia nzima namna ya kueleza. Nilimkuta anapalilia kahawa, nikamwamkia, "Shikamoo mama," nikaunganisha hapo hapo, "Tranka la mwinjilisti nimeliacha chuoni, ni zito, nitalileta nikimaliza." Mama akasimama na jembe lake, akanitazama tangu juu mpaka chini.

"Na likizo iliyopita ulibaki kwa ajili ya hilo?"

Nikasema ndiyo.

"Tranka mimi sikulizaa," akasema. Kisha akanishika kichwa kwa mikono yake yenye udongo, nywele zangu zote zikachafuka, akanipeleka ndani kula.

Sasa niambie, mtu aliyeambiwa neno hilo, aliyelala bweni tupu likizo nzima akilinda bati la mwinjilisti, anawezaje kwenda mnadani kugombania sanduku la kumfunga mwanawe? Nadhani mtu ukishazaa unasahau ulivyokuwa wewe, unakumbuka tu alivyokuwa mama yako, halafu unamwigiza vibaya. Nilitaka uende na kila kitu ili usipungukiwe. Pia nilitaka watu waone. Sehemu hii ya pili ni kubwa kuliko ninavyopenda iwe. Na lile la kwamba unatuonea aibu halikuwa kweli. Nilikuwa naogopa kwamba unakwenda moja kwa moja, ndiyo maana nikakukasirikia kwa jambo ambalo hukulifanya. Naomba unisamehe, mama yangu.

Begi lako ni sahihi. Leo ulipokuwa unaoga kabla ya kutoka nililivaa. Nililifunga mikanda yote nikatembea nalo kutoka mlangoni mpaka zizini na kurudi, baba yako akaniona akauliza nahama kwenda wapi. Halivuti bega, zipu zake hazikwami, na mikono yangu ilikuwa huru. Hilo la mikono ndilo lililonipendeza. Utafika stendi ya watu wengi, vijana watakukimbilia kukubebea, na utaweza kuwaambia hapana asante ukaendelea kutembea. Sikuwahi kuwa na uwezo huo Singida. Ukija kununua begi jingine, na utanunua maana mshahara una tabia hiyo, lijaze kwanza kisha ulibebe mwenyewe mbele ya muuzaji. Rangi uitazame mwisho. Mimi nilianza na rangi.

Kuhusu waliotoa zawadi usiwe na wasiwasi. Sufuria na chupa ya chai ni zako, zitakusubiri siku utakapokuwa na nyumba na si chumba cha kupanga. Unga tutakula sisi. Ndizi za bibi nimeshazipika na umeshazila jana, hukujua tu. Shangazi yako, kama hajakuuliza leo, atakuuliza kwenye simu, na wewe mwambie blanketi ni zuri na ni la joto. Usiseme liko wapi. Kitu kimoja tu nimekiongeza bila ruhusa. Ukipapasa mfuko wa pembeni wa begi lako utakuta maparachichi mawili, mabichi, ya mti ule ule wa nyuma ya zizi la babu yako. Nimeyafunga kwenye gazeti. Yakilainika, tafuta chumvi, na mtafute mtu wa kula naye kabla hujamtafuta wa kukuonyesha shule.

Baba yako amepita dirishani sasa hivi anauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia namwandikia mwalimu. Amesema basi niangalie herufi kubwa.

Namalizia na lile jekundu, maana najua utaulizia. Halisafiri. Matairi hayatoshi, na hata yangetosha nimependa likae. Nimeliweka uvunguni mwa kitanda chako, na ndani yake nimepanga vitu vyako vyote ulivyoacha: blanketi la shangazi, vitenge, zile barua za rafiki zako ambazo sikuzisoma, na juu kabisa sweta la bluu. Kisha nimelifunga. Baba yako alishagundua namna ya kubadilisha namba, akanielekeza, nikamgeuzia mgongo nikaweka yangu. Anaweza kuanza tena sifuri akapanda, lakini ameniahidi hatakusaidia.

Namba naijua mimi peke yangu. Usinipigie kuniuliza, kwenye simu siitaji. Siku baridi ya huku itakapokukumbuka na ukalitaka sweta lako, panda basi uje na mikono mitupu, uingie humu ndani, nikunong'oneze.

Mama yako